Uzee na Hofu ya Ufukara: Kisa cha Mwanadamu katika Ngome ya Uvumilivu

Mzee mmoja amekaa ndani ya ngome inayolindwa na fadhila saba. Amekwisha kutubu na kusamehewa, na jeshi lililokuja kumtoa humo limerudi nyuma likiuguza majeraha. Kisha anakuja mshawishi mmoja, anasimama chini ya ukuta, anamwita kwa sauti ya rafiki wa siku nyingi, na baada ya mazungumzo mafupi mzee yule anatoka kwa miguu yake mwenyewe. Kuanguka huko ndiko kisa ninachokichambua hapa, kwa sababu katika tamthilia za maadili za Zama za Kati ninazozifahamu sijaona nyingine iliyoutazama mvutano kati ya mali ya dunia na ucha Mungu kwa ukaribu, na kwa huruma, kiasi hicho. Naamini mtunzi wake aliona jambo ambalo mahubiri mengi kuhusu mali hulipita: kwamba mcha Mungu aliyezeeka huangushwa na hofu ya ufukara kwa wepesi kuliko anavyoangushwa na anasa, na kwamba hofu hiyo humjia ikisema maneno ya busara.

Tamthilia yenyewe ni ya Kiingereza na inaitwa The Castle of Perseverance; mimi nitaiita Ngome ya Uvumilivu. Mtunzi wake hajulikani. Ilitungwa katika miongo ya kwanza ya karne ya 15, na lahaja yake inaelekeza mashariki mwa Uingereza. Nakala pekee iliyosalia iliandikwa karibu mwaka 1440, ikaja kumilikiwa katika karne ya 18 na kasisi Cox Macro, mkusanyaji wa maandishi ya kale, na leo imehifadhiwa katika maktaba ya Folger jijini Washington. Ina mistari zaidi ya 3,600 na wahusika zaidi ya 30, na kama ilivyo desturi ya tamthilia za aina hii, wahusika hao ni sifa, nguvu na hali za maisha zilizopewa mwili na sauti. Mhusika mkuu anaitwa Mwanadamu tu. Tunamwona tangu azaliwe mpaka roho yake isimame mbele ya hukumu, na wale wanaomgombania ni Dunia, Mwili na Beliali, yaani Ibilisi, upande mmoja, na Malaika Mwema pamoja na fadhila saba upande wa pili.

Ili kisa kieleweke ni lazima kwanza uwanja wenyewe ueleweke, na kwa bahati njema mswada umetuachia mchoro wake, ambao ni miongoni mwa michoro ya kale zaidi ya jukwaa katika historia ya maigizo ya Kiingereza. Mchezo uliigizwa nje, hadharani. Katikati ilisimama ngome, na mchoro unaonyesha duara la handaki la maji, au uzio imara pale ambapo handaki halikuweza kuchimbwa. Pembezoni palikuwa na majukwaa matano: la Mungu mashariki, la Mwili kusini, la Dunia magharibi, la Beliali kaskazini, na la Tamaa, yaani choyo cha mali, mojawapo ya dhambi saba kuu, kaskazini-mashariki. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa. Dhambi nyingine sita hazina jukwaa lake kila moja. Kiburi, Hasira na Wivu wanamtumikia Beliali, huku Ulafi, Uzinzi na Uvivu wakimtumikia Mwili. Tamaa ni mtumishi wa Dunia, lakini amejengewa jukwaa lake mwenyewe, tena mahali palipo kati ya jukwaa la Ibilisi na jukwaa la Mungu. Mtazamaji aliyekaa uwanjani angemwona Tamaa ubavuni pa Mungu muda wote wa mchezo. Mchoro unaagiza pia kwamba kitanda cha Mwanadamu kiwekwe chini ya ngome, kwamba mwigizaji wa Roho alale chini ya kitanda hicho mpaka zamu yake itakapofika, na kwamba kabati la Tamaa liwe miguuni pa kitanda. Kwa hiyo mahali pa kuzaliwa, mahali pa toba na mahali pa kuwekea akiba vilikuwa hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine, na hakuna hata dakika moja ambapo kabati lile liliondolewa machoni pa watu.

Maisha ya awali ya Mwanadamu nitayapita upesi. Anazaliwa uchi, akiwa na kitambaa cha ubatizo kichwani tu, na mara moja Malaika Mwema na Malaika Mbaya wanaanza kumvuta kila mmoja upande wake. Anachagua Dunia, huku akijipa moyo kwamba wakati wa kutubu utakuwapo baadaye. Dunia anamvika mavazi ya fahari na kumpeleka kwenye jukwaa la Tamaa, na ni pale, kwenye jukwaa la Tamaa, ndipo dhambi nyingine sita zinapoitwa zije zikae naye. Mtunzi hakuhitaji hotuba ndefu kufafanua maneno ya Mtume Paulo kwa Timotheo kwamba kupenda fedha ni shina la maovu yote; aliyageuza kuwa mpangilio wa viti. Tamaa ndiye mwenyeji, na dhambi nyingine ni wageni wake. Baadaye Toba inamchoma Mwanadamu moyoni kwa mkuki, anaungama, anaondolewa dhambi, na anaingia ngomeni ambako Unyenyekevu, Subira, Upendo, Kiasi, Usafi, Bidii na Ukarimu wanampokea.

Vita vya kuiteka ngome ndiyo sehemu ambayo watazamaji wa zamani bila shaka waliingoja kwa hamu. Maelekezo yanamtaka Beliali aingie vitani akiwa na mabomba ya baruti inayowaka mikononi, masikioni na matakoni. Fadhila wanapigana kwa kurusha maua ya waridi, ambayo ni alama ya mateso ya Kristo, na dhambi wanakimbia wakilia kwamba maua hayo yamewavilia damu miilini. Uvivu anakuja na sepeto ili aondoe maji ya neema handakini, naye anashindwa. Kila dhambi iliyokuja kwa nguvu imerudishwa. Mwanadamu anaonekana salama kabisa, na mtazamaji ambaye angeondoka uwanjani wakati huo angekwenda nyumbani akiamini kwamba ucha Mungu umeshinda.

Hapo ndipo Dunia anapomwita Tamaa. Tamaa haji kwa kelele. Anamwambia Mwanadamu kwamba amesikitika kumwona amejifungia humo, kwamba yeye ni rafiki yake mkubwa ambaye wamejuana tangu zamani, na kwamba haoni sababu ya mtu kuendelea kujitesa kwa kitubio katika ngome ya baridi kama ile. Ukarimu, fadhila iliyowekwa makusudi dhidi yake, anaingilia kati na kumlaani. Jibu la Tamaa ni la mtu anayeijua kazi yake: anamwambia bibi huyo kwamba hakuwa akizungumza naye, kwa hiyo tafadhali anyamaze. Hajaribu kumshinda kwa hoja. Anachotaka ni kubaki na mzee faraghani, na kwa sentensi moja amekwisha kumwondoa shahidi.

Jibu la Mwanadamu ndilo lililonifanya niipende tamthilia hii, na naomba msomaji alitazame kwa makini. Mzee hajibu lolote kuhusu fedha. Anajibu kuhusu mwili wake. Anauliza aende wapi sasa, ilhali nywele zimekwisha kuwa nyeupe, mgongo umeanza kupinda, anatambaa na kuhisi baridi, mifupa ni dhaifu na inauma, pua inatiririka, na hawezi tena kurukaruka kama kijana. Sauti hii si ya mroho. Ni ya mtu anayeona nguvu zake zikimwishia mbele ya macho yake na ambaye, kwa mara ya kwanza katika mchezo mzima, anaogopa. Katika ujana alikwenda kwa Dunia kwa sababu alipenda raha. Katika uzee anasikiliza kwa sababu anahitaji kutegemezwa. Mtunzi angeweza kumchora kama bahili wa kuchekwa, na wengi wangefanya hivyo. Badala yake alimpa manung'uniko ambayo kila mwenye mzazi mzee amekwisha kuyasikia nyumbani.

Tamaa anaishika hofu hiyo papo hapo. Anasema, ikiwa hali ni hiyo, basi mzee ana haja zaidi ya kuwa na kitu mkononi: fedha, mashamba, watu wa kumtumikia, nyumba na makao. Hapa palipaswa kuwa na kosa la wazi katika hoja, lakini halipo. Kila neno la Tamaa lingeweza kusemwa na mtoto mwema, na jirani, au na mshauri wa mambo ya fedha. Uzee unahitaji akiba, nani atabisha? Uongo umejificha mahali padogo sana, katika kile ambacho hakikusemwa. Mwanadamu alipokuwa ngomeni hakuwa na njaa wala hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzi saba waliomlinda usiku na mchana. Tamaa anaiita hali hiyo baridi na mateso, na mzee, ambaye kweli anahisi baridi kwa sababu ya umri wake, anaichanganya baridi ya mifupa yake na baridi ya ngome. Anaanza kuamini kwamba ibada ndiyo iliyomletea udhaifu ambao ungemfikia popote pale. Kisha anatamka kanuni yake mpya: ya kwamba, upepo uvume utakavyo, ni vema mtu awe na kitu kilicho chake mwenyewe.

Nadhani mgogoro wote umekaa katika kanuni hiyo. Ngomeni hakuna kilicho chake. Neema ni zawadi, ulinzi wa fadhila ni zawadi, hata toba yake ilianza kwa mkuki uliomchoma kutoka nje. Kumcha Mungu, kwa jinsi tamthilia hii inavyokuelewa, ni kukubali kutegemea. Mali inamwahidi kinyume chake, yaani kwamba atakuwa na kitu ambacho hakitegemei moyo wa mwingine. Ndiyo maana ushindi wa Tamaa haukuhitaji silaha: alimpa mzee aliyechoka kutegemea ndoto ya kujitosheleza.

Je, fadhila walikuwa wapi? Swali hili linaulizwa ndani ya mchezo wenyewe, kwa maana Malaika Mwema anawalilia wamzuie. Wanajibu, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawawezi. Unyenyekevu anawaomba watazamaji wawape udhuru, kwa sababu Mungu amempa mtu utashi huru, na Subira anasema kwamba shoka alilishika mwenyewe kwenye mpini. Wapo wasomaji wanaoona majibu haya kuwa ya kujikosha, nami naelewa kwa nini, maana ni vigumu kutazama walinzi saba wakimwacha mzee aende zake. Lakini tamthilia ingekuwa ya uongo kama wangemfungia. Ngome yenye mlango usiofunguka kwa ndani ni gereza, na mtu aliyefungwa hawezi kusemwa kuwa amevumilia. Ninachokiona kuwa kizito zaidi ni kwamba Ukarimu, aliyenyamazishwa, ndiye pekee aliyekuwa na jibu sahihi kwa hofu ya mzee. Dawa ya hofu ya kupungukiwa, katika mafundisho ya wakati ule, ilikuwa kutoa. Na mtu aliyekuwa na neno hilo alikatizwa kabla hajasikilizwa.

Tunafika kwenye fedha zenyewe. Tamaa anampa Mwanadamu marki 1,000. Marki haikuwa sarafu; ilikuwa kipimo cha hesabu chenye thamani ya theluthi mbili za pauni, yaani shilingi 13 na peni 4. Kwa hiyo kiasi hicho ni peni 160,000. Kwa kibarua wa wakati ule aliyepata kama peni 4 kwa siku, ni ujira wa siku 40,000, zaidi ya miaka 100 ya kazi bila kupumzika. Ni vema kulikumbuka hili tunapomhurumia mzee, kwa sababu alichopewa kinapita mbali mahitaji ya uzee wowote. Hofu iliyoanza na mgongo uliopinda na pua inayotiririka imepewa jibu la utajiri wa kabaila, na bado, kama tutakavyoona, haikutulia.

Zawadi hiyo inakuja na masharti. Tamaa anamwagiza asimkopeshe mtu yeyote hata kama mtu huyo yuko karibu kunyongwa. Asimpe mtawa wala padri. Asilisaidie kanisa wala kibanda. Na hata kama maskini anakufa kwa njaa pangoni, asimwachie apate kitu. Mpaka atakapozikwa chini ya majani mabichi, ajiwekee kitu cha kwake. Mwanadamu anakubali na kusema ataificha fedha ardhini. Marki 1,000, ambazo zingeweza kuendesha mashamba, kulipa vibarua na kulisha kijiji, zinarudi udongoni bila kumnufaisha hata mwenyewe.

Kisha kinaanza kilio cha kutaka zaidi. Mwanadamu anataka kingine, na kingine tena, na anafika mahali anapotamka kwamba, kama angeweza kudumu katika neema ya dunia hii, angekuwa radhi kumwacha Mungu na asiingie mbinguni kamwe. Ukiyasoma maneno hayo peke yake utadhani ni ya mtu mwovu kupindukia. Ukiyasoma baada ya mazungumzo ya ukutani, utaona yanafuata kwa mantiki: aliyetoka ngomeni ili awe na kitu chake mwenyewe hawezi kuridhika na kiasi chochote, kwa sababu hakuna kiasi kinachozuia uzee. Kila marki inamkumbusha kwamba bado anazeeka.

Mauti anaingia, na katika hotuba yake anawakumbusha watazamaji jinsi alivyojulikana vizuri wakati wa tauni kuu. Tauni hiyo ilifika Uingereza mwaka 1348, ikarudi mara kadhaa, na katika wimbi lake la kwanza iliua sehemu kubwa ya wakazi, pengine theluthi moja hadi nusu. Watu waliokaa uwanjani walikuwa wajukuu na vitukuu wa walionusurika. Wengi wao walijua kutoka katika familia zao jinsi nyumba ilivyoweza kubaki na mali lakini bila wenyewe, na jinsi mashamba yalivyoangukia mikononi mwa watu wa mbali. Mtunzi alikuwa akiwasemesha watu waliolijua jambo hilo kwa uchungu.

Mwanadamu, akiwa amechomwa moyoni, anamlilia Dunia amsaidie. Dunia anajibu kwamba dhidi ya Mauti hakuna malipo yanayofaa, kwamba kifungo cha upendo wao kitakatika sasa hivi, na kwamba angependa kumwona amefukiwa na urithi wake uwe wa mwingine. Anamtuma mtumishi kijana akachukue kila kitu. Mzee anashtuka: kijana huyu si wa ukoo wake, hajawahi kumtendea jema lolote, afadhali mali ingekwenda kwa mpwa, au binamu, au yeyote wa damu yake. Anamwuliza jina. Kijana anamwambia alishike vizuri asilisahau: jina lake ni Sijui Nani.

Katika tamthilia nzima hakuna kipigo kikali kama hicho, na nguvu yake inatoka katika Zaburi ya 39, ambayo Mwanadamu mwenyewe anaikariri kwa Kilatini akiwa anakata roho: mtu huweka akiba, wala hajui ni nani atakayeichukua. Mstari ambao watu waliusikia kanisani mara nyingi umesimama mbele yao na miguu na mikono. Tutambue pia aina ya maumivu anayoyapata mzee. Hahuzuniki kwanza kwa ajili ya roho yake. Anahuzunika kwa kuwa mrithi ni mgeni. Hata kitandani bado anadhani kwamba fedha zilikuwa zake kiasi cha kuwa na haki ya kumchagulia mwenye kuzipokea. Sijui Nani anamfundisha kwa kuwapo kwake tu kwamba kile alichokiita chake kilikuwa cha Dunia tangu mwanzo, na Dunia amekitaka. Hapo ndipo kanuni ya kuwa na kitu chako mwenyewe inapovunjika, na ni baada ya kuvunjika kwake ndipo Mwanadamu anapotamka maneno yake ya mwisho, ya kujiweka katika rehema ya Mungu.

Roho inatoka chini ya kitanda, na Malaika Mbaya anaibeba kuipeleka motoni. Kinachofuata ni shauri mbele ya kiti cha Mungu, kati ya mabinti zake wanne wanaotoka katika Zaburi ya 85: Kweli na Haki wanadai adhabu, Rehema na Amani wanaomba msamaha. Shauri hili wachambuzi wengi wamelieleza kama mjadala wa kitheolojia uliounganishwa na kisa baada ya kisa kwisha. Mimi naona limefungamana nacho kwa nguvu, na ushahidi wangu ni mashtaka yenyewe. Kweli anamshtaki Mwanadamu kwamba hakuwalisha wenye njaa wala kuwavika nguo, hakuwapa kinywaji wenye kiu, wala hakuwasaidia maskini walipokuwa na shida. Ukiweka mashtaka haya kando ya masharti aliyoyatoa Tamaa pamoja na marki 1,000, unaona yanakutana. Alichokatazwa kukifanya na Tamaa ndicho anachoulizwa mbinguni. Hahukumiwi kwa kuwa aliwahi kushika fedha. Anahukumiwa kwa yule maskini wa pangoni, ambaye Tamaa alimtaja kwa makusudi na ambaye Mwanadamu alikubali afe.

Inafaa hapa kuitaja tamthilia nyingine inayojulikana zaidi, Everyman, ambayo ni tafsiri ya Elckerlijc ya Kiholanzi iliyochapishwa Delft karibu mwaka 1495. Humo Mali ni mhusika anayelala pembeni akiwa amefungwa katika masanduku na magunia. Anapoombwa aandamane na bwana wake kwenda kwenye hesabu ya mwisho, anakataa, na anamwambia waziwazi kwamba tabia yake ni kuiua roho ya mtu, na kwamba mambo yangekuwa tofauti kama angependwa kwa kiasi na sehemu yake wakagawiwa maskini. Mafundisho ya tamthilia hizi mbili yanafanana. Lakini katika Everyman tunakutana na mali baada ya muda kupita, ikiwa imeacha kudanganya, na mhusika hana la kufanya isipokuwa kusikitika. Ngome ya Uvumilivu inatuonyesha saa ya udanganyifu wenyewe, wakati uamuzi bado uko mikononi mwa mzee na maneno ya Tamaa bado yana ladha ya ushauri mwema. Kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi mali inavyomtoa mcha Mungu mahali alipo, Ngome ya Uvumilivu ina faida kubwa zaidi.

Swali linalobaki ni kama msamaha unaotolewa mwishoni unaifuta hukumu dhidi ya choyo. Rehema anashinda: Mungu anaagiza Roho aondolewe kwa Malaika Mbaya na kuketishwa mkono wake wa kuume, kwa kuwa neno lake la mwisho lilikuwa la kuomba rehema. Cha kushangaza ni kwamba tangazo la mchezo, lile ambalo wapeperusha bendera walilisoma mjini juma moja kabla ya onyesho, pengo likiwa limeachwa pale panapotajwa jina la mji, linaeleza mwisho mwingine, ambapo Bikira Maria ndiye anayemwombea. Inaelekea mchezo ulipitia mikono zaidi ya mmoja, na namna ya kuokoka ilibadilika. Namna ya kuanguka haikubadilika: katika tangazo na katika mchezo wenyewe, ni Tamaa anayemtoa mzee ngomeni.

Kweli ana hoja yenye nguvu anaposema kwamba toba ilichelewa, majuto yalikuwa haba, na malipizi hayakufanyika kabisa. Rehema hakanushi hata moja kati ya hayo. Anachokiomba ni kwamba damu ya Kristo itoshe pale ambapo mtu hakutosha, na ombi lake linakubaliwa kwa ajili ya Roho. Kuhusu marki 1,000, mbingu haitoi amri yoyote. Haziamriwi zirudishwe, wala zigawiwe, wala Sijui Nani haitwi kuulizwa. Rehema imeweza kumrudisha mzee katika hali ya kutegemea aliyoikimbia. Maskini wa pangoni alihitaji kusaidiwa na mtu aliye hai, mwenye fedha mkononi, na mtu huyo alipokuwa hai alizifukia.